Kibo, Zaburi ya 111, na kitu ambacho mlima hauwezi kukuambia

Kila Desemba, Wachagga tukishapanda kwenda nyumbani, stetasi za WhatsApp zote zinageuka kitu kimoja: Kibo, kile kilele cha theluji cha Kilimanjaro, alfajiri, anga bluu, jani la mgomba limeingia pembeni, na chini yake Zaburi ya 121, "Nitayainua macho yangu niitazame milima". Mama yangu mkubwa ndo usiseme, anatuma kwenye grupu la ukoo picha kibao za mlima uleule mpaka simu inagoma. Na mimi natuma. Ila mara nyingi mstari unakatwa hapohapo kwenye milima, mtu akishaona neno milima kashamaliza, wakati ukiendelea kidogo tu unakuta mwenye zaburi hajasema kabisa kwamba msaada unatoka mlimani. Kaangalia milima, kauliza swali, "Msaada wangu utatoka wapi?", halafu jibu limeupita mlima likaenda kwa mwenyewe, "Msaada wangu u katika Bwana, aliyezifanya mbingu na nchi." Na kumbuka kule kwao juu ya vilima ndo zilikokuwa zile madhabahu za Baali, kwa hiyo mtu wa enzi zile akiinua macho alikuwa anaona pia ofa nyingine za msaada. Mlima umemfanya aulize. Kujibu haujajibu.

Hilo ndo ninalotaka kuliongelea na nitalizungusha kwa urefu mnivumilie, maana kuna ndugu zangu wa aina mbili wananichosha. Wa kwanza ni yule anayekuambia mimi kanisani siendi, nikikaa zangu ufukweni au porini nakutana na Mungu, inatosha. Wa pili ni yule mpendwa ambaye ukimtajia nyota, au miamba, au mifupa ya kale ya Olduvai, anakunja uso, anakuambia Biblia inatosha hayo mengine ni mambo ya dunia. Wote wawili wameshika nusu. Waliosoma vyuo vya biblia wana majina yao, ufunuo wa jumla (kwa uumbaji) na ufunuo maalumu (kwa Neno), ila jambo lenyewe ni la zamani na wala si gumu. Mwaka 1561 kule ambako leo ni Ubelgiji kuna mhubiri wa Matengenezo anaitwa Guido de Brès aliandika ungamo la imani, na inasemekana nakala ilirushwa usiku juu ya ukuta wa ngome ya mji wa Tournai ili wakubwa waisome, maana kuipeleka mkononi ilikuwa kifo. Humo aliandika kwamba Mungu tunamjua kwa njia mbili: kwanza kwa uumbaji na jinsi anavyoutunza na kuutawala ulimwengu, ambao uko mbele ya macho yetu kama kitabu kizuri, viumbe wakubwa kwa wadogo ndo herufi zake, halafu pili, kwa uwazi zaidi na ukamilifu zaidi, kwa Neno lake. Miaka sita baadaye walimnyonga. Ninachokipenda hapo ni hayo maneno "uwazi zaidi". Hajadharau njia ya kwanza, ila hakudanganya kwamba zinalingana.

Sasa huko kwenye uumbaji tunaambiwa nini hasa? Paulo kwenye Warumi 1:20 anataja vitu viwili tu, "uweza wake wa milele na Uungu wake". Basi. Hajasema kwamba ukiangalia mlima utajua umesamehewa. Hajasema utajua jina la Mwokozi. Uweza, na kwamba yeye ni Mungu, si mwenzako. Na hivyo viwili Kibo inavitoa bila shida yoyote, mtu asikuambie. Mita 5,895 halafu imesimama peke yake, haina safu ya milima ya kuisindikiza. Kwa kawaida asubuhi mapema iko wazi, ikifika saa nne saa tano mawingu yanaanza kupanda kutoka msituni yanaifunika pole pole, mchana mzima hakuna kitu, mgeni anaweza kukaa Moshi mjini akakuuliza huo mlima uko wapi, halafu jioni pazia linafunguka tena na theluji imeshika rangi ya waridi. Ukiwa mtoto unaona kawaida. Ukishakaa Dar ukarudi ndo unaelewa kwamba babu zetu hawakuwa wajinga kuweka heshima zao upande ule.

Lakini angalia. Jambazi na mzee wa kanisa wote wanaamka wanaiona Kibo ileile na haimkunjii uso hata mmoja. Maji yanayoshuka kwenye mifongo, ile mifereji yetu ya asili, yanapita kwenye kihamba (shamba la nyumbani) cha anayempiga mke wake na kwenye kihamba cha jirani yake mwema, migomba yote inanenepa. Yesu mwenyewe alilisema hilo kwenye Mathayo 5, jua na mvua kwa waovu na wema, na aliposema yeye tukajua ni wema wa Baba. Ila kama asingesema? Mtu mwingine angeangalia mvua hiyohiyo inayonyeshea wabaya na wema akahitimisha kwamba huko juu hakuna anayejali. Na wapo wengi tu waliohitimisha hivyo, wala si watu wajinga.

Hata ndege. "Waangalieni ndege wa angani." Kunguru wa Dar es Salaam anakula jalalani, anaiba samaki Feri, anakula makinda ya wenzake, ukimwangalia siku nzima bila mtu wa kukuambia lolote utaandika ripoti ya wizi. Yesu anaangalia ndege anasema "Baba yenu wa mbinguni huwalisha hao". Ndege ni yuleyule. Kilichoongezeka ni neno la anayemjua mwenye ndege.

Zaburi ya 19 ndo imelipanga hili vizuri kuliko mahubiri yote niliyowahi kusikia. Inaanza "Mbingu zauhubiri utukufu wa Mungu, na anga laitangaza kazi ya mikono yake", mchana unaongea na mchana, usiku unampa usiku mwenzake maarifa, halafu mstari wa tatu ghafla, "Hakuna lugha wala maneno, sauti yao haisikilikani". Yaani zinahubiri, ila hakuna maneno. Halafu jua linatoka kama bwana arusi, mbio, kutoka mwisho mmoja wa mbingu hadi mwingine, hakuna kinachojificha na joto lake. Na hapo katikati, mstari wa saba, bila hata kusema samahani nabadilisha mada, "Sheria ya Bwana ni kamilifu, huiburudisha nafsi." Wasomi wengine wanasema ni zaburi mbili zimeunganishwa. Inawezekana, mi sioni shida, maana aliyeziunganisha alijua anachofanya. Hesabu mwenyewe: sehemu ya jua na anga inamtaja Mungu mara moja tu, basi, Mungu. Sehemu ya pili inamtaja Bwana mara saba, lile jina lake la agano, jina alilomwambia Musa. Na angalia nani anaongelewa. Juu huko ni anga, jua, dunia yote. Ukifika mwisho ni mtu mmoja anaomba, "Ni nani awezaye kuyatambua makosa yake? Unitakase na mambo ya siri." Hakuna mtu aliyeangalia machweo akaanza kuungama. Watu wanapiga picha. Sheria ndo inayomfanya mtu ajione, na akishajiona anahitaji Mwokozi, na zaburi inaishia hapohapo kwenye "Mwamba wangu, na Mwokozi wangu". Mwamba na Mwokozi kwenye pumzi moja, uumbaji na wokovu.

Waliopita kipaimara KKKT, kanisa letu la Kilutheri, watakumbuka Katekisimu Ndogo ya Luther, ile ya 1529, tulivyokuwa tunaikariri njiani tukienda kuchota maji maana siku ya mtihani Mchungaji anakusimamisha mbele ya usharika wote na bibi yako kakaa benchi la pili anakuangalia. Kifungu cha kwanza kina orodha ndefu tamu: Mungu kaniumba mimi pamoja na viumbe vyote, kanipa mwili na roho, macho na masikio, nguo na viatu, chakula, nyumba, shamba, mifugo, na yote hayo kwa wema wa kibaba, sikustahili hata kimoja. Viatu! Luther kaweka viatu kwenye imani. Halafu unafika kifungu cha tatu unakutana na ukuta, naamini kwamba kwa akili yangu na nguvu zangu siwezi kumwamini Yesu Kristo wala kumjia, bali Roho Mtakatifu kaniita kwa Injili. Sijui kwa nini hatukuwahi kumuuliza Mwinjilisti imekuwaje mtu anayeona wema wa Mungu mpaka kwenye viatu vyake bado hawezi kumjia kwa akili yake. Tulikuwa tunaogopa mtihani tu.

Haya, sasa Rebmann. Hii habari kila Mchagga wa shule anaijua nusu: Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na shirika la Kianglikana la Uingereza, akiwa na kituo Rabai karibu na Mombasa pamoja na mmisionari mwenzake Krapf, mwaka 1848 akaondoka kuja Uchaggani, yeye mwenyewe kabeba mwavuli, kiongozi wa msafara Bwana Kheri, na tarehe 11 Mei akaona kitu cheupe juu ya mlima akadhani ni wingu. Akamuuliza kiongozi, kiongozi akamjibu kwa kifupi tu, baridi. Rebmann akajua ni theluji. Akaandika, ikachapishwa Uingereza mwaka uliofuata, na mabingwa wa jiografia wakamcheka, hasa William Desborough Cooley, mtaalamu wa Afrika ambaye Afrika hakuwahi kukanyaga, akasema theluji karibu na ikweta haiwezekani, ni macho ya mmisionari. Ikabidi wasubiri mpaka von der Decken alivyokuja 1861 na 1862 akapanda akakutana na theluji yenyewe ndo wakanyamaza (na hata hapo Cooley hakukubali vizuri).

Nusu ambayo haisimuliwi ni kwamba Rebmann alivyokaa kupumzika, mlima uko mbele yake, alitoa Biblia yake ndogo akasoma. Hakuchagua, alikuwa anazifuata zaburi kwa mpangilio na siku hiyo zamu ilikuwa Zaburi ya 111. Na aliandika ni mstari gani ulimgusa. Mimi nilivyosoma hapo nilitegemea utakuwa mstari wa pili, "Matendo ya Bwana ni makuu", maana mtu umekaa unaangalia theluji ambayo hakuna Mzungu mwenzako aliyewahi kuandika kuihusu, utasoma nini kingine. Hapana. Ulikuwa wa sita, unaosema Bwana amewajulisha watu wake uwezo wa matendo yake kwa kuwapa urithi wa mataifa.

Urithi wa mataifa. Mataifa ndo sisi. Yaani babu zangu wako pale chini ya mlima wanapalilia ulezi na yeye kasoma kwamba wamepewa watu wa Mungu.

Nisimwonee. Rebmann alimaanisha Injili, roho za watu, hakuwa na jeshi, aliishi Rabai mpaka 1875, karibu miaka 30, akarudi kwao macho yameshaharibika akafa mwaka uliofuata. Ila baada ya hapo wakaja wengine wenye bunduki na wao wakausoma urithi kivingine, na tarehe 2 Machi 1900 Mangi (yaani chifu) Meli wa Moshi alinyongwa na Wajerumani Old Moshi pamoja na viongozi wenzake, na ukoo wake mpaka leo unatafuta kichwa chake kwenye makumbusho za Ujerumani. Wakati huo makanisa ya Kilutheri yalikuwa yameshaanza mlimani. Kwa hiyo mtu anayefikiri kwamba ukiwa na vitabu vyote viwili, mlima mbele ya macho na Biblia mkononi, umeshakuwa salama, amwangalie vizuri huyu ndugu pale njiani. Vitabu vilikuwa sawa. Msomaji anakuja na haja zake.

Na Zaburi ileile ya 111 ina safari nyingine ambayo inanifurahisha sana. Mwaka 1874 Chuo Kikuu cha Cambridge kilifungua maabara ya fizikia inaitwa Cavendish, chini ya James Clerk Maxwell, yule wa nadharia ya umeme na sumaku, Mkristo kwelikweli, na kwenye milango mikubwa ya mbao wakachonga kwa Kilatini mstari wa pili, ule ambao mimi ningeuchagua, "Matendo ya Bwana ni makuu, yafikiriwe sana na wapendezwao nayo." Maabara ilivyohamia majengo mapya miaka ya 1970 wakauandika tena, safari hii Kiingereza. Kwa hiyo J. J. Thomson alipita chini ya zaburi hiyo kwenda kugundua elektroni 1897, na Watson na Crick 1953 walipita hapohapo wakati wanatafuta umbo la DNA. Mwambie yule ndugu yangu wa aina ya pili, anayeona sayansi ni ya shetani, kwamba "yafikiriwe sana" ni andiko. Limo. Kufikiria sana matendo ya Bwana ni ibada, na ukifikiria ovyo ovyo ukasema umetosheka na "Mungu ni mkuu amina" hujalitimiza.

Lakini mwambie na yule wa aina ya kwanza habari ya Crick. Francis Crick aliuona uhai kwa ndani kuliko karibu binadamu wote waliomtangulia, ile ngazi iliyosokotwa, herufi nne zinazoandika kila kitu kuanzia mgomba mpaka mangi, na hakuamini Mungu kabisa, wala hakuficha. Kapita chini ya andiko, kaona kazi yenyewe, na hakusikia kitu. Paulo anasema "hata wasiwe na udhuru" na mimi nakubaliana na Paulo, ila sitaki kuutumia huo mstari kama fimbo, maana zaburi nayo imesema sauti yao haisikilikani. Ukiwa kiziwi wa jambo fulani huponi kwa kuongezewa kelele za jambo hilohilo, hata ukipandishwa Uhuru Peak. Calvin, yule mwalimu mwingine wa Matengenezo ambaye sisi Walutheri tunamsoma kwa kuibia, alisema Maandiko ni kama miwani ya mzee ambaye macho yameisha: kitabu kizuri kiko mbele yake, anajua ni maandishi, ila hawezi kuunganisha hata maneno mawili mpaka avae. Hakusema utupe kitabu ubaki na miwani.

Kuna sehemu moja ambapo miwani hiyo inahitajika haraka kuliko zote, nayo ni asili inapoua. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa ilisababisha upande wa mlima Hanang kule Manyara uporomoke, tope, mawe na magogo yakashuka Katesh na vijiji vya jirani asubuhi watu wengine hawajatoka hata kitandani, wakafa zaidi ya 80. Mlima nao, jirani yetu tu. Siku hizohizo mitandaoni wakatokea manabii wa kukuambia Mungu anasema nini na watu wa Hanang. Jamani. Kama unasoma asili peke yake unaweza kweli kufika huko, mlima umeshuka, mwenye mlima kakasirika. Ndo maana Yesu alipoletewa habari za namna hiyo kwenye Luka 13 aliwakata kabisa, wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara Siloamu mnadhani walikuwa wakosaji kuliko watu wote wa Yerusalemu? "Nawaambia, Sivyo." Na Elia kule Horebu, upepo unapasua miamba, halafu tetemeko, halafu moto, na mara tatu Biblia inasema Bwana hakuwamo. Alikuwa kwenye sauti ndogo ya utulivu, iliyokuwa na maneno, iliyomwita kwa jina lake ikamuuliza anafanya nini hapo. Kwa hiyo Maandiko hayaji kuongezea tu pale uumbaji ulipoishia. Mara nyingine yanakuja kutuzuia tusijitungie.

Waliokaza sana upande huu ni kina Karl Barth, mwanatheolojia wa Uswisi. Mwaka 1934 mwanatheolojia mwenzake Emil Brunner aliandika kwamba kuna nafasi ya kumjua Mungu kwa njia ya asili, Barth akamjibu kwa kijitabu ambacho kichwa chake ni neno moja tu, Hapana! Ukikisoma leo umekaa zako unaona mzee ana hasira bure. Ila mwaka ule kanisani Ujerumani kulikuwa na Wakristo wanafundisha kwamba Mungu anajifunua kwenye damu, ardhi, taifa, na kwenye Hitler. Ndo kisa cha ungamo la Barmen, Mei mwaka huohuo, linaloanza kwa kusema Yesu Kristo, kama anavyoshuhudiwa kwenye Maandiko, ndiye Neno moja la Mungu tunalopaswa kulisikia. Mi nadhani Barth alimkata Brunner zaidi ya alivyostahili, maana Zaburi ya 19 ipo na huwezi kuifuta, ila ugonjwa aliouona ulikuwa wa kweli. Na msalaba unampa haki. Siku ile Golgotha ungeisoma kwa macho tu ungeona giza saa sita mchana, tetemeko, na mtu kafa. Hakuna mlima, hakuna nyota, hakuna DNA ambayo ingekuambia kwamba pale ndo Mungu alikuwa anaonyesha moyo wake kuliko mahali pengine popote. Ilibidi tuambiwe.

Kingine nitakipita haraka ingawa kinaniuma: barafu ya Kibo mwaka 1912 ilipimwa ikiwa na kama kilomita za mraba 12, sasa hivi haifiki hata 2. Zaburi ya 147 inasema yeye "ndiye atoaye theluji kama sufu". Wanaotuma stetasi za mlima Desemba, na mimi nikiwemo, tuchungulie pia kinachoendelea na msitu hapo chini.

Sasa swali ambalo vijana wa kipaimara wanaliuliza siku zote na walimu wanalikwepa: babu wa babu yangu aliyekufa kabla ya hao wamisionari kufika, yeye alimjua Mungu?

Rebmann huyohuyo alisimuliwa huku mlimani kwamba zamani Mangi Rengua wa Machame alituma kundi la watu wapande wakaangalie ile nyeupe ni nini, na akarudi mmoja tu, anaitwa Sabaya, mikono na miguu imeharibiwa na baridi. Wenzake wote walibaki huko. Kwa hiyo ile ya kwamba theluji iligunduliwa 1848 tuiweke pembeni, kuna watu walishailipia. Na Mungu walikuwa wanamwita Ruwa, jina hilohilo la jua, na wazee walijua kabisa kwamba Ruwa ni zaidi ya jua lenyewe, na makanisa yetu yalivyokuja yakaendelea na jina hilo kwenye nyimbo na sala za Kichagga. John Mbiti, kasisi Mwanglikana kutoka Ukambani aliyefariki 2019, alikusanya habari za Mungu kutoka makabila karibu 300 ya Afrika, na akawa anasema wamisionari hawakumleta Mungu Afrika, Mungu ndo aliwaleta wao. Paulo alikuwa ameshasema karibu hivyohivyo kule Listra, Matendo 14, wale watu walivyotaka kumtolea sadaka ya ng'ombe wakidhani yeye na Barnaba ni miungu. Hakuwaambia mlikuwa gizani totoro. Aliwaambia Mungu hakuacha kujishuhudia kwenu, mvua mlizozipata, misimu ya mavuno, chakula, ile furaha mioyoni mwenu, ilikuwa yeye.

Kwa hiyo mimi kijana namjibu kwamba ndiyo, alimjua, kwa kiasi ambacho mvua na jua na mlima vinaweza kumwambia mtu, na kiasi hicho si kidogo. Alichokosa ni kile ambacho hakuna binadamu amewahi kukipata kwa kuangalia tu. Rebmann mwenyewe hakukipata kwa kuangalia vilima vya kwao Württemberg, alisomewa na wazazi, na wazazi wake walisomewa, na ukirudi nyuma kabisa unakuta babu zao Wajerumani wanaabudu kwenye mti, mpaka karne ya 8 akaja mmisionari kutoka Uingereza, Bonifasi, akaukata mwaloni wa mungu wao Donar kule Geismar. Na wao waliletewa. Kijana akiendelea kunibana, na huwa wanabana, namfungulia Warumi 2 kuanzia 14 mpaka 16, pale Paulo anapoongelea watu wa mataifa wasio na sheria, tusome wote pole pole, maana hapo hata Paulo kaongea kwa tahadhari na sioni kwa nini mimi nijifanye najua zaidi yake.